Pikapu Iliyoshushwa na Robo Maili: Jinsi ya Kuchagua Mfumo wa Springi za Nyuma

Pikapu tupu ina tabia moja inayowasumbua wote wanaopenda mbio za dragi: uzito wake umekaa mbele. Injini, gia boksi na kebini ya dereva viko upande mmoja, na nyuma kuna bodi ya bati isiyo na kitu. Chukua Chevrolet C10 ya bodi fupi, zile za mwaka 1973 hadi 1987 ambazo Wamarekani wanapenda sana kuzishusha. Ukiipima bila mzigo, si ajabu kukuta karibu asilimia 60 ya uzito iko kwenye magurudumu ya mbele. Sasa mwenyewe anafunga V8 yenye nguvu, anaishusha mpaka matairi ya nyuma yanaingia ndani ya madigadi, halafu anataka taa ya kijani ikiwaka iruke bila matairi kuzunguka bure. Na Jumatatu asubuhi aende nayo kazini.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Magari nitakayoyataja ni ya Kimarekani, kwa sababu mchezo huu ni wao: vipuri vinatengenezwa kwao na kanuni zimeandikwa kwao. Lakini ekseli haiulizi pasipoti, na mwenye Hilux inayosukumwa na magurudumu ya nyuma atakuta mengi humu yanamhusu.

Kushusha kunakunyima nini

Gari linapochomoka, uzito huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, ukali wa mchomoko, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli mbili. Basi. Springi na fito zinazoishikilia ekseli hazimo katika orodha hiyo.

Tufanye hesabu. Pikapu ya kilo 1,800, ekseli zake zimeachana mita 2.98 kama hiyo C10 ya bodi fupi. Tuseme kitovu chake cha uzito kiko sentimita 67 juu ya lami, na inachomoka kwa asilimia 70 ya mvutano wa dunia. Zidisha, gawanya, utapata kilo 283 zinazohamia nyuma. Ishushe sentimita 12, na zinazohama zinabaki 233 hivi. Umepoteza kilo 50 za kukandamiza matairi kwenye lami, na hakuna fundi atakayekurudishia kilo hizo kwa kubadilisha fito. Anachoweza kufanya ni kupanga jinsi zilizobaki zinavyofika kwenye tairi: mapema au kwa kuchelewa, kwa kishindo au taratibu.

Kwa hiyo usiishushe kuliko macho yanavyohitaji. Watu wengi wangeridhika na sentimita 10, lakini wanakwenda 15 kwa sababu kifurushi cha vipuri kilikuwa cha 15. Na kabla hujagusa springi, hamishia betri nyuma, kwenye kona ya kulia ya bodi. Kanuni za NHRA, shirika la mbio za dragi lililoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, zinakutaka ukishaihamisha uweke swichi kuu ya kukata umeme nyuma ya gari, mahali ambapo mtu aliye nje anaifikia. Wazo la kutupia mifuko ya mchanga kwenye bodi lisahau kabisa. Uzito wa ziada usiofungwa kwa bolti hauruhusiwi uwanjani, na anayeona ubaya wake ni dereva anayefunga breki mwishoni mwa mbio.

Ekseli inataka kwenda wapi

Pinioni inapoizungusha krauni, ekseli nzima hujibu kwa kutaka kuzunguka kinyume na magurudumu: pua ya difu inapanda. Lazima kitu kiizuie, na tofauti kati ya mifumo yote ya nyuma ni nani anayeizuia na ameshikilia wapi.

Kwenye springi bapa, zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, anayezuia ni bamba lenyewe. Linajipinda kama herufi S: sehemu ya mbele ya ekseli inabinuka juu, ya nyuma inabinuka chini. Chuma kikifika mwisho wa kujipinda kinarudi kwa nguvu. Tairi linaachia lami, linashika, linaachia tena. Mlio wake ni wa nyundo chini ya sakafu, na mapigo hayo ndiyo yanayokata propela na kung'oa meno ya difu. Mwambie rafiki achuchumae pembeni, mbali na mstari wa gari, akurekodi kwa simu ikichomoka, kisha itazame video polepole. Utaona springi ikijikunja kabla gari halijasogea hata nusu mzunguko wa gurudumu. Sekunde hizo chache zitakuambia mengi kuliko ushauri wa wiki nzima.

Jambo la pili ni mahali ambapo ekseli inasukumia gari. Kila mfumo una nukta moja, ya kuonekana au ya kufikirika, ambayo kwayo ekseli ni kama imelishika gari. Kwenye fito za ngazi, ambazo tutazifikia chini pamoja na fito nne, nukta hiyo ni bolti ya mbele ya ufito. Kwenye fito nne, ni pale ambapo mistari ya ufito wa juu na wa chini ingekutana kama ingeendelea mbele. Sasa chora mstari kutoka pale tairi la nyuma linapogusa lami hadi juu ya ekseli ya mbele, kwenye kimo cha kitovu cha uzito. Nukta ikiwa juu ya mstari huo, nyuma ya gari huinuka wakati wa kuchomoka na tairi linakandamizwa kwa kishindo. Ikiwa chini yake, nyuma hukaa kitako na tairi linapata mzigo polepole. Mstari huo mmoja ndio utakaouchora tena na tena kwenye karatasi, kwa hiyo hesabu zake ziweke karibu.

Matairi yanaingia hapa. Matairi kipara ya mbio, yale yenye kuta laini, huvumilia kishindo na hata hukipenda. Kuta zinajikunja, zinameza pigo. Matairi ya radial ya mbio, ambayo ndiyo watu wengi wa barabarani huyafunga kwa sababu yanaruhusiwa barabarani na hayayumbi kwenye mwendo kasi, yana kuta ngumu na hayapendi kupigwa. Ukiyapiga kwa kishindo yanashika, kisha yanaachia, na yakishaachia ni vigumu kuyarudisha. Ndiyo maana ningekuambia uchague tairi kwanza, kimo cha gari cha pili, na fito za tatu. Wengi huanza na katalogi ya fito.

Springi bapa: usiziondoe haraka

Mtu akishaona picha za pikapu zenye fito nne zinazong'aa, springi bapa anaziona ushamba. Mimi sikubaliani. Magari mengi ya kasi ya barabarani yamekimbia robo maili kwa springi bapa, na Chrysler ya miaka ya 1960 ilizitengeneza maalumu kwa ajili ya mbio: sehemu ya mbele ya ekseli fupi na ngumu, ya nyuma ndefu na laini, kwa sababu ni sehemu ya mbele inayozuia ekseli isizunguke. Somo hilo halijapitwa na wakati. Springi ya mzigo, hata hivyo, ni kitu kingine. Kule kwetu pikapu ikianza kubeba matofali fundi anaongeza bamba. Hapa unafanya kinyume, unapunguza, mpaka springi ifae gari tupu.

Hapa kuna jambo linalokosewa zaidi ya yote, na linahusu namna ya kushusha. C10 za 1973 hadi 1987 zilitoka kiwandani ekseli ikiwa chini ya springi. Njia ya kwanza ya kuzishusha ni kuihamishia ekseli juu ya springi. Unapata inchi 5 hadi 6 kwa mpigo mmoja. Njia ya pili ni kubadilisha vishikio: kile cha mbele kinachobeba jicho la springi kinapandishwa kwenye chasisi, na cha nyuma kinachocheza kinabadilishwa vilevile. Ukiangalia gari kwa nje, njia zote mbili zimefanya kazi moja. Chini ya gari hazifanani hata kidogo. Ukipandisha vishikio, chasisi inashuka lakini jicho la mbele la springi linabaki kimo kilekile kutoka ardhini. Ukihamisha ekseli peke yake, jicho linashuka pamoja na chasisi, na kwa kuwa ekseli inasukuma gari kupitia jicho hilo, umeishusha nukta ya msukumo. Nyuma inaanza kukaa kitako, shokapu zinafika mwisho, tairi linagusa digadi, na mwenye gari analaumu injini kwamba ina nguvu kupita kiasi.

Basi ukiweza, pata sehemu kubwa ya mshuko kwenye vishikio, kisha ile inayobaki kwenye ekseli. Vishikio peke yake havikufikishi mbali, mara nyingi inchi mbili au tatu, kwa hiyo atakayetaka gari lilale chini kabisa atalazimika kuhamisha ekseli tu. Huyo aweke hesabu ya ziada ya kuizuia.

Kizuizi cha bei ndogo ni fito za kupiga: chuma kinachofungwa chini ya springi kikiwa na mpira mbele, na pua ya difu ikipanda mpira unagonga karibu na jicho. Kwa injini ya wastani zinatosha, ila zinaning'inia, na gari likishashuka zitakuwa za kwanza kukwaruza tuta. Bora zaidi ni fito za kukandamiza, mtindo uliopata jina kwa CalTracs za Calvert Racing. Ufito unatoka kwenye bamba lililo chini ya ekseli hadi kwenye kishikio cha pembe tatu kinachozunguka kwenye bolti ya jicho la mbele. Ekseli ikitaka kuzunguka inasukuma ufito mbele, kishikio kinazunguka, na sehemu yake ya juu inaikandamiza springi kutoka juu, palepale ilipotaka kubinuka. Nguvu iliyokuwa ikiharibu sasa inafanya kazi. Na kwa mwenye gari la barabarani kuna faida nyingine: ukiendesha kawaida fito hizo zimelala, hazifanyi chochote, kwa hiyo kona na mashimo unayapita kama zamani.

Kwa mfumo huu springi yenyewe inaweza kuwa laini, hata ya bamba moja, kwa sababu kazi ya kuzuia ekseli imehamia kwenye fito. Bushi za mpira zilizochoka zitoe. Zingatia pia nafasi ya chini: ekseli ikishakaa juu ya springi, bamba, ufito na yu-bolti vyote vinaning'inia chini ya springi, na mita ya kupimia ndiyo itakayokuambia kama utavuka tuta la mtaani kwako.

Pikapu ikisukuma kupita kiasi cha springi hizi, utaliona kwenye video: mabamba yanaachana upande wa mbele, au bolti ya katikati inakatika na ekseli inasogea. Hapo ndipo fito nne zinapoanza kustahili bei yake, si kabla.

Mikono mirefu ya C10 za zamani

Chevrolet za nusu tani za miaka ya 1960 hadi 1972 zilikuja na kitu tofauti: mikono miwili mirefu inayotoka kwenye ekseli na kukutana karibu na katikati ya chasisi, springi za koili juu yake, na ufito wa Panhard wa kuizuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Mikono hiyo imetengenezwa kwa chuma chenye umbo la I kinachokubali kujinyonga kidogo, ndiyo maana gari linaweza kulala kwenye kona bila kukwama. Mpangilio huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba magari ya mbio za NASCAR ya daraja la juu yaliutumia kwa miongo mingi, hadi gari jipya la mwaka 2022 lilipokuja na mfumo wa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Mwenye pikapu ya namna hii asiitupe mikono yake kwa sababu tu jirani amefunga fito nne.

Lakini kuishusha kuna gharama, na ule mstari wa kwenye karatasi unaionyesha. Tuseme bolti ya mbele ya mkono iko sentimita 120 mbele ya ekseli na sentimita 30 juu ya lami, kabla ya kushusha. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 67, mstari unapita mahali hapo kwenye sentimita 27: bolti iko juu ya mstari, nyuma inasimama. Shusha sentimita 12. Bolti sasa iko 18, mstari uko 22. Gari lilelile, mikono ileile, sasa linakaa kitako. Dawa yake ni kupata boriti ya katikati inayopandisha mahali pa kufungia mikono. Zinauzwa, na baadhi zina matundu kadhaa ya kuchagua. Ukishusha gari kwa koili fupi tu na kuiacha boriti ya kiwandani, umefanya nusu ya kazi.

Ufito wa Panhard nao unadai haki yake. Ufito wa sentimita 60 uliokuwa umelala sawa, ukiushusha upande mmoja sentimita 12, unaivuta ekseli kando zaidi ya sentimita moja. Wenye sentimita 100 unaivuta chini ya milimita 8. Kwa hiyo nunua mrefu kadiri nafasi inavyoruhusu, wenye urefu wa kurekebishwa, na uhakikishe umelala sawa gari likiwa chini kwenye matairi yake. Gari likiwa kwenye stendi vipimo hivyo havina maana.

Ngazi na fito nne

Fito za ngazi ni kizuizi kikali kuliko vyote kwa bei yake. Kila upande kuna pembe tatu ndefu ya chuma iliyofungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili na kwenye boriti kwa bolti moja. Ekseli haina pa kwenda. Uwanjani zinachomoka sawa kila mara, na kuzirekebisha ni rahisi. Barabarani ni mateso: gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likiwa kwenye shimo, pembe hizo mbili zinagombana, ekseli yote inageuka kuwa stabilaiza, na kitu fulani lazima kijinyonge. Kwa kawaida kinachojinyonga ni kiungo cha kuchomelea, na ufa wa kiungo hicho hauonekani mpaka usafishe mafuta. Nukta yake pia iko karibu na ekseli. Ufito wa sentimita 81 wenye bolti yake sentimita 25 juu ya lami uko juu sana ya mstari, ambao kwenye gari letu lililoshushwa ungekuwa karibu sentimita 15 hapo. Utalipiga tairi kwa kishindo. Kwa matairi kipara sawa, kwa ya radial ni ugomvi. Pikapu inayokuja uwanjani juu ya trela, zifunge. Inayopeleka watoto shule, hapana.

Fito nne zinakuja kwa sura mbili. Ya kwanza, fito za juu zimepanuliwa kama herufi V zikitazamwa kutoka juu, na upana huo ndio unaoizuia ekseli isitembee kando; Panhard haihitajiki. Hii ndiyo inayofaa barabara: inalala kwenye kona, inapita mashimo, inakaa kimya ikiwa na bushi za mpira mgumu. Uwanjani marekebisho yake ni machache, kwa sababu vifurushi vingi vya aina hii vina tundu moja tu kila upande. Ya pili ni ya fito sambamba zenye mabamba ya matundu mengi mbele na nyuma, na inahitaji ufito wa Panhard au wa mshazari. Kuhamisha bolti tundu moja kunaweza kuihamisha nukta ya msukumo mbali sana, na hapo ndipo nguvu yake na hatari yake. Mwenye subira, daftari na mizani atapata gari linaloitii hali ya lami ya siku hiyo. Asiye na subira atapata gari jipya kila Jumamosi.

Kwa ngazi na kwa fito nne pia, tambua kwamba unaunganisha ekseli na chasisi kwa viungo vipya vya kuchomelea. Mirija ya ekseli ikichomelewa bila mpango hupinda, na krauni inaanza kulia kabla ya wiki kuisha. Fundi anayejua huchomelea sehemu ndogo, anahamia upande wa pili, anasubiri ipoe, kisha anapima unyoofu kabla ya kurudi. Kama anayekufanyia kazi hazungumzii kupima ekseli baada ya kuchomelea, tafuta mwingine.

Nafasi ya ekseli kucheza

Pikapu iliyoshushwa sana inafika mahali ekseli inagonga chasisi. Acha angalau sentimita 8, kumi ni bora, kati ya ekseli na mpira wa kugongea. Kama hazipo, chasisi itakatwa nusu duara juu ya ekseli na kuongezewa kipande cha umbo la C. Kata hiyo ikifanywa bila bamba nene la kuimarisha ndani na nje, umeidhoofisha chasisi mahali inapobeba mzigo wote wa mchomoko. Kwenye chasisi ya zamani kagua kwanza matundu ya rivet karibu na ekseli; nyufa huanzia ukingoni mwa tundu, nyembamba kama unywele, zimefunikwa na kutu. Zisugue kwa brashi ya waya kabla ya kuzitafuta.

Kujua ekseli inacheza kiasi gani hakuhitaji kifaa cha bei. Funga waya wa plastiki wa kubania kwenye fimbo ya shokapu, usukume hadi chini, kimbia, kisha pima umepanda hadi wapi. Ukifika juu kabisa, kila unachorekebisha kwenye fito kinaharibiwa na kugonga.

Shokapu zenye marekebisho ni pesa iliyotumika vizuri kuliko springi za bei ghali, na kwa matairi ya radial ndizo zinazotuliza kishindo. Shokapu zenye koili juu yake huokoa nafasi na hurahisisha kubadilisha kimo, ila zinahitaji boriti imara ya juu. Kishikio cha shokapu cha kiwandani kilitengenezwa kwa shokapu, si kwa uzito wa gari. Mifuko ya hewa inapendeza ukilaza gari mbele ya hoteli. Kwa mbio, ugumu wake unabadilika kila shinikizo linapobadilika, na kwa mtu anayetafuta matokeo yaleyale mara mbili hilo ni tatizo.

Upande wa kulia

Propela inapozunguka inaisukuma ekseli ielemee kushoto. Tairi la kulia linapungukiwa, ndilo linalozunguka bure kwenye difu ya kawaida. Wakati huohuo bodi inalala upande wa pili: kona ya mbele kushoto inainuka, ya nyuma kulia inashuka. Chrysler waliliona hilo wakaifanya springi ya kulia kuwa tofauti na ya kushoto. Wewe unaweza kuweka stabilaiza ya nyuma yenye fito za kurekebishwa urefu, uiminye kidogo upande wa kulia mpaka alama za matairi kwenye lami zilingane urefu na weusi. Kwenye pikapu tupu hili linaonekana wazi kuliko kwenye gari dogo, kwa sababu nyuma hakuna uzito wa kulificha.

Pembe ya pinioni pia ipime gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, na dereva, au uzito kama wake, akiwa kwenye kiti. Springi bapa zisizo na fito zinaruhusu pua ya difu kupanda sana, kwa hiyo huelekezwa chini digrii 5 hadi 7 kulinganisha na propela. Zikiwa na fito za kukandamiza, digrii chache zinatosha. Ngazi na fito nne zenye viungo vya chuma, 1 au 2. Lengo ni kwamba gari likivuta kwa nguvu zote, pinioni na propela ziwe karibu katika mstari mmoja. Ukisikia mtetemo kwenye kilomita 90 kwa saa barabarani, umepitisha kiasi.

Kanuni za NHRA zinazogusa sehemu hii si nyingi, lakini zinarudisha watu nyumbani. Gari lazima liwe na shokapu moja angalau kwa kila gurudumu lenye springi. Nafasi chini ya gari iwe inchi 3 kutoka pua hadi inchi 12 nyuma ya ekseli ya mbele, na inchi 2 sehemu iliyobaki, isipokuwa karteri na mabomba ya ekzosi. Pete ya kukamata propela inatakiwa kwa gari lenye matairi kipara linalokimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au chini yake. Mwenye matairi ya barabarani ataihitaji akishashuka chini ya 11.50. Mimi ningeifunga hata kama sitakiwi. Propela ikikatika mbele, inachimba lami na kuinua gari.

Ukiniuliza ningefunga nini, jibu langu ni hili. Pikapu ya 1973 na kuendelea inayotumika kila siku na kukimbia sekunde 12 hadi 11: springi bapa laini, vishikio vilivyopandishwa, fito za kukandamiza, shokapu za kurekebishwa, na pesa iliyobaki inunue tairi. C10 ya kabla ya 1973: mikono yake ya kiwandani, boriti iliyopandishwa, Panhard ndefu. Fito nne za herufi V kama unataka gari lilale chini sana na hutegemei uwanja kukulisha. Fito nne sambamba kama uwanja ndio nyumbani kwako. Ngazi kwa mwenye trela. Na vyovyote utakavyofunga, baada ya mchomoko wa kwanza wa nguvu ingia chini ya gari na spana, ukaze upya yu-bolti na bolti zote za fito kabla hujalirudisha barabarani.